Mwepu Ilunga na Teke Lililochekwa na Dunia



Hakuna mji katika Kongo yetu usiokuwa na vijana wapendao mpira wa miguu, na Kisangani si wa mwisho katika jambo hilo. Jioni, jua likianza kupunguza ukali wake, kila kiwanja kilicho wazi, toka Makiso hata Mangobo na Kabondo, hujaa watoto wanaoufukuzia mpira, wengine kwa viatu, wengine kwa miguu mitupu. Siku ya Jumapili, Misa ikiisha, watu wazima nao hushika njia ya Uwanja wa Lumumba kuwatazama Malekesa au Nika. Mchezo huu umekuwa kwetu kama chumvi katika chakula.

Siku hizi vijana hupeana picha za mpira katika simu zao. Ipo picha moja fupi inayopita sana kutoka mkono hata mkono. Yaonyesha uwanja wa Ujerumani, mwaka 1974. Wachezaji wa Brazil wamepewa mpira wa adhabu karibu na goli la Zaire, ndiyo nchi yetu kwa jina lake la wakati ule. Wazaire wamejipanga kama ukuta. Refa anapuliza filimbi. Ghafula mmoja wao, mwenye namba 2 mgongoni, anachomoka katika ukuta, anaukimbilia mpira usio wake, na kuupiga teke mbali kwa nguvu zake zote. Wabrazil wanashangaa. Refa anamwonyesha kadi ya njano. Na watazamaji wanacheka.

Mtu huyo ni Mwepu Ilunga. Kwa muda wa miaka 50 na zaidi teke lake limechekwa katika mabara yote. Mtangazaji mmoja wa Uingereza alilitaja palepale kuwa ni ujinga wa Kiafrika, na neno hilo limerudiwa mara nyingi na watu wasiomjua mchezaji mwenyewe wala yaliyompata. Ubaya ni kwamba sisi Wakongo nasi tumejifunza kucheka. Kwa hiyo yafaa tueleze mtu huyo alikuwa nani, alicheza wapi, na ni mambo gani yaliyomfikisha penye teke lile. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

MPIRA ULIOLELEWA MISIONI

Mwepu Ilunga alizaliwa tarehe 22 Agosti 1949, wakati nchi yetu ingali chini ya utawala wa Wabelgiji. Jina lake la Kikristo lilikuwa Joseph. Alikuwa beki wa kulia, na timu aliyoichezea ni ile kubwa ya Lubumbashi, Tout Puissant Mazembe, ambayo kila mtoto wa Kongo aijua.

Pengine si wasomaji wote wajuao kwamba timu hiyo ni mtoto wa misioni. Ilianzishwa mwaka 1939 na watawa wa Shirika la Mtakatifu Benedikto waliokuwa wakifundisha katika shule ya Mtakatifu Boniface huko Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Watawa hao walitaka vijana ambao hawakuelekea upadre wapate mchezo wa kuwajenga mwili na tabia. Mwanzo timu ilipewa jina la Mtakatifu Georges, baadaye la Mtakatifu Paulo. Ilipotoka mikononi mwa watawa, kiwanda cha mipira ya magari kiliifadhili, nayo ikachukua jina la kiwanda hicho, Englebert. Jina la Mazembe lilikuja nyuma ya hayo yote.

Hali ilikuwa hivyo hivyo kule Léopoldville, ambako Padre Raphaël de la Kethulle, mmisionari wa Scheut, alijenga shule na viwanja vya michezo kwa muda wa miaka mingi. Watu walimwita Tata Raphaël, na uwanja mkubwa mmoja wa Kinshasa wachukua jina lake hata leo. Mapadre na mabruda waliona kwamba katika mchezo kijana hujifunza kutii amri bila kupigwa, hujifunza kushindwa bila kununa, na hujifunza kumpa mwenzake mpira pale ambapo nafsi yake yataka sifa. Mtakatifu Paulo mwenyewe alipotaka kuwaeleza Wakorinto juu ya maisha ya Kikristo, hakuona haya kuyafananisha na mashindano ya mbio.

Timu hiyo ya Lubumbashi ilikua ikawa mti mkubwa. Mwaka 1967 na mwaka 1968 ilitwaa kombe la vilabu bingwa vya Afrika, na mwaka 1969 na 1970 ikafika tena katika mchezo wa mwisho, ingawa haikushinda. Basi, kijana aliyevaa jezi ya Mazembe katika miaka iliyofuata hakuwa mtu wa kuokotwa njiani. Mlinda mlango wake alikuwa Kazadi Mwamba. Mwenzake katika ulinzi alikuwa Bwanga Tshimen, aliyechaguliwa kuwa mchezaji bora wa Afrika kwa mwaka 1973. Mwepu alicheza bega kwa bega na watu hao. Je, mtu wa namna hiyo aweza kuwa hajui amri ya mpira wa adhabu, amri ambayo mtoto wa darasa la nne aijua?

NCHI YABADILI JINA, WACHEZAJI WABADILI MAJINA

Mwaka 1971 Rais Mobutu aliipa nchi jina jipya, Zaire. Mwanzoni mwa mwaka 1972 akaamuru raia waache majina ya Kikristo na kuchukua majina ya mababu. Kanisa liliona uchungu, kwani jina la ubatizo si nguo ya kuvuliwa kwa amri ya serikali. Kardinali Joseph Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alipinga, na ugomvi huo ukamlazimisha kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Ndiyo sababu katika orodha ya wachezaji wa Zaire wa mwaka 1974 hukuti Joseph, wala Pierre, wala Jean. Kila mmoja ana majina ya kikwao tu. Timu ya taifa nayo, ambayo zamani ilikuwa Simba, ikawa Chui, kwa maana chui ndiye mnyama aliyependwa na Rais, ambaye alivaa kofia ya ngozi yake.

Kwa Rais huyo mpira ulikuwa zaidi ya mchezo. Alitaka ulimwengu uijue Zaire, na kweli timu ilimpa alichotaka. Katika mashindano ya kufuzu kwa Kombe la Dunia, Chui waliwashinda Wazambia kwao na kwetu. Mwezi wa Desemba 1973 wakawashinda Wamoroko mabao 3 kwa 0 mjini Kinshasa. Zaire ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kuingia katika Kombe la Dunia. Kabla yake ni Misri tu, mwaka 1934, na Moroko, mwaka 1970. Na siku zile timu zote zilizokwenda zilikuwa 16 tu, na bara zima la Afrika lilipewa nafasi moja.

Mwezi wa Machi 1974 Chui walikwenda Misri kushindania Kombe la Mataifa ya Afrika. Waliwatoa Wamisri wenyewe mabao 3 kwa 2 mbele ya watu wao. Katika mchezo wa mwisho walitoka sare na Zambia, 2 kwa 2, ikalazimu mchezo urudiwe baada ya siku mbili, na hapo Zaire ikashinda 2 kwa 0. Mabao yote manne ya michezo hiyo miwili yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba, mzaliwa wa Luluabourg, mji uitwao sasa Kananga. Jumla alifunga mabao 9 katika mashindano yale, hesabu ambayo kwa miaka 50 iliyofuata hakuna aliyeifikia. Msomaji alishike jina la Ndaye, kwa kuwa tutakutana naye tena kwa habari ya huzuni.

Wachezaji walirudi nyumbani kama mashujaa. Walizawadiwa nyumba na magari, na wakaahidiwa makubwa zaidi watakapotoka Ujerumani. Hapo ndipo penye mzizi wa mambo yote.

AHADI ISIYOLIPWA

Wachezaji wale hawakuwa matajiri. Wote walichezea vilabu vya nyumbani. Hapakuwa na hata mmoja aliyelipwa Ulaya. Kombe la Dunia lilikuwa kwao kama mavuno ambayo mkulima huyangoja mara moja tu katika maisha. Mwepu mwenyewe alieleza baadaye kwamba wao waliamini kabisa watarudi nyumbani wakiwa watu wenye mali.

Mchezo wa kwanza walicheza na Uskoti tarehe 14 Juni 1974 mjini Dortmund. Walishindwa mabao 2 kwa 0, lakini hawakuaibika. Walikimbia, walitawala mpira kwa vipindi, na watazamaji waliwapigia makofi. Laiti mambo yangeishia hapo, tungekuwa tukisimulia habari nyingine leo.

Baada ya mchezo ule habari ikawafikia kwamba fedha zao hazipo. Maofisa wengi walikuwa wamefuatana na timu kutoka Kinshasa, na wachezaji walisadiki kwamba fedha zilikuwa zimeishia katika mifuko ya wakubwa hao. Wakakasirika, wakasema hawachezi tena. Ilibidi wabembelezwe na kusukumwa hata wakakubali kuingia uwanjani. Lakini mtu aliyesukumwa si sawa na mtu aliyekwenda kwa moyo wake. Kila mzazi aliyemtuma mtoto kisimani kwa fimbo ajua jinsi ndoo inavyorudi nusu.

Tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, walikutana na Yugoslavia, nchi ya kocha wao Blagoje Vidinić. Wakafungwa mabao 9 kwa 0. Magazeti ya Ulaya yaliandika juu ya udhaifu wa Waafrika. Machache ndiyo yaliyouliza kama watu wale walikuwa wamepewa ujira wao.

KOSA LA MMOJA, ADHABU YA MWINGINE

Katika mchezo huo wa aibu lilitokea jambo ambalo haitupasi kulificha, kwa maana tukimtetea mtu kwa uongo hatumtetei. Dakika ya 22, Yugoslavia ilipopata bao la nne, wachezaji wa Zaire walimzingira refa, Omar Delgado wa Kolombia, wakilalamika kwamba bao si halali. Katika msukumano ule mmoja wao alimpiga refa teke kwa nyuma. Aliyefanya hivyo ni Mwepu Ilunga.

Refa aligeuka, akatoa kadi nyekundu, akamwonyesha Ndaye Mulamba.

Ndaye alikuwa amevaa namba 13, Mwepu namba 2. Ndaye alikuwa mshambuliaji, Mwepu beki. Wenzake walijaribu kueleza, lakini refa hakugeuza neno lake. Mfungaji wa mabao 9 wa Kombe la Afrika akatoka uwanjani kwa kosa lisilo lake, na Kombe lake la Dunia likaishia hapo. Refa aliona mtu mweusi mwenye jezi ya Zaire, wala hakujisumbua kutazama ni yupi.

Tusiseme kwamba Mwepu hakukosa. Kumpiga refa ni kosa kubwa katika mchezo, hata kama refa amedhulumu, tena ni chungu zaidi pale mwenzako asiye na hatia anapoubeba mzigo wako. Wahenga walisema: mchuma janga hula na wa kwao. Hasira yaweza kuwa na sababu ya haki, na bado ikamwangukia mtu asiyehusika. Kijana anayesoma haya akumbuke kwamba teke la pili la Mwepu ndilo lililochekwa, lakini teke la kwanza ndilo lililomliza mtu.

TEKE LENYEWE

Sasa tufike siku ya tatu, tarehe 22 Juni 1974, Gelsenkirchen tena, mbele ya Brazil, mabingwa wa dunia wa mwaka 1970.

Yatupasa kwanza kueleza hesabu ya siku ile. Brazil ilikuwa imetoka sare ya bila bao katika michezo yake miwili ya kwanza. Ili ivuke na kuiacha Uskoti nyuma, ilihitaji kuishinda Zaire kwa tofauti ya mabao 3. Kwa upande wa Zaire hakukuwa na tumaini la kuvuka tena. Lakini, kwa maelezo ya Mwepu mwenyewe, wachezaji walikuwa na hesabu yao ya siri, nzito kuliko ya Wabrazil.

Karibu miaka 30 baadaye Mwepu alihojiwa na redio ya BBC. Alieleza kwamba baada ya kufungwa mabao 9, walinzi wa Rais Mobutu waliwajia wachezaji hotelini. Wakawafungia waandishi wa habari nje, wakawaambia wachezaji kwamba wakifungwa na Brazil mabao 4, hakuna hata mmoja wao atakayerudi nyumbani. Hebu fikiri, ndugu msomaji, kuingia uwanjani ukiwa na neno kama hilo sikioni, nawe mbele yako una Jairzinho na Rivelino. Mtu mwenye mke na mama Lubumbashi anahesabu mabao kama mgonjwa ahesabuvyo saa za usiku.

Brazil wakafunga la kwanza, wakafunga la pili, na dakika ya 79 wakafunga la tatu. Mchezo uliisha 3 kwa 0. Brazil ikavuka, Uskoti ikarudi kwao bila kushindwa mchezo hata mmoja, na Wazaire wakarudi kwao wakiwa hai.

Ilikuwa katika sehemu ya mwisho ya mchezo huo kwamba Brazil ilipewa ule mpira wa adhabu. Amri yajulikana. Timu iliyokosa yapaswa kusimama mbali na mpira kiasi cha meta 9 na sentimeta 15, na kutougusa hata upigwe na mwenye haki yake. Mwepu alichomoka kabla, akaupeleka mbali. Rivelino na wenzake walibaki midomo wazi.

Kwa nini alifanya hivyo? Mwepu alijibu kwamba alifanya kwa makusudi, na kwamba amri za mpira alizijua vema. Alisema alitaka refa amfukuze uwanjani. Hakuona sababu ya kuendelea kuumizwa kwa ajili ya watu waliokaa jukwaani wakingoja kula fedha ya jasho lake. Refa, Nicolae Rainea wa Romania, hakumpa alichotaka; alimpa kadi ya njano tu, naye akalazimika kumaliza mchezo.

Wapo wasemao kwamba alitaka kupoteza muda ili bao la nne lisipatikane. Wapo wasemao kwamba woga ulimzidi. Mtu aliye katika shida kubwa mara nyingi hana sababu moja tu, na hasira, hofu na uchovu huweza kukaa katika kifua kimoja. Lakini lolote tulichukualo katika hayo, ujinga haumo. Wajinga ni wale waliomwona mfanyakazi asiyelipwa, aliyetishiwa maisha yake, wakasema huyu hajui kucheza.

BAADA YA UJERUMANI

Timu iliporudi hapakuwa na ngoma wala maua. Rais alikwisha kugeuza uso wake. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule wa 1974 alileta Kinshasa pigano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman, na dunia ikaja kutazama jambo hilo katika uwanja uleule unaobeba leo jina la Tata Raphaël. Mpira wa miguu ukasahauliwa kama mke mkubwa nyumba inapopata harusi mpya. Katika Kombe la Afrika la mwaka 1976 Zaire ilitolewa mapema, na katika mashindano ya kufuzu kwa Kombe la Dunia la mwaka 1978 ilijitoa. Miaka 50 ikapita tangu 1974 bila nchi yetu kuonekana tena katika Kombe la Dunia.

Wachezaji nao waliachwa. Ndaye Mulamba, aliyeadhibiwa kwa kosa la mwenzake, alipewa heshima na wakuu wa mpira wa Afrika huko Tunisia mwaka 1994. Aliporudi nyumbani watu wenye silaha walimvamia wakidhani amekuja na fedha nyingi, wakampiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini, akaishi huko kama mkimbizi maskini. Mwaka 1998, katika Kombe la Afrika la Burkina Faso, watu walisimama kimya kwa dakika moja kumwombolezea, kwa kuwa uvumi ulisema amekufa, kumbe alikuwa hai, hana wa kumuuliza hali. Alifariki kweli Johannesburg mwezi wa Januari 2019.

Mwepu alibaki nchini. Alisema wazi katika uzee wake kwamba aliona fahari kuichezea nchi yake katika Kombe la Dunia, lakini walirudi bila senti mfukoni, na yeye sasa aliishi kama mtu asiye na makao. Alifariki mjini Kinshasa tarehe 8 Mei 2015, akiwa na umri wa miaka 65, baada ya kuugua muda mrefu. Siku ile magazeti ya nchi nyingi yalitangaza kifo chake. Karibu yote yalianza na teke lile. Machache yalikumbuka kwamba marehemu alikuwa bingwa wa Afrika.

NENO KWETU WAZAZI

Yapo mambo matatu ambayo habari hii yaweza kutufaa katika nyumba zetu.

La kwanza ni juu ya ujira. Wahenga wetu wamesema kwa maneno matatu yasiyohitaji kufafanuliwa: ahadi ni deni. Mtakatifu Yakobo katika waraka wake aliwakemea kwa ukali matajiri waliozuia mshahara wa wavunaji wa mashamba yao. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba kumnyima mfanyakazi haki ya jasho lake ni dhambi inayomlilia Mungu. Tukisikia haya twawafikiria wakubwa wa Kinshasa, na ni haki. Lakini je, mtumishi wa nyumbani tunamlipa mwisho wa mwezi, au tunamwambia ngoja? Kijana anayetusukumia mzigo toka ng'ambo ya mto, tunampa tuliyopatana? Walimu wa shule zetu, ambao wazazi wenyewe ndio waliobeba mshahara wao kwa miaka mingi, wanapata walichoahidiwa? Mtu akifanya kazi kwa moyo mzito, tusimcheke kazi yake. Tuulize kwanza kama amelipwa.

La pili ni juu ya hasira. Mtoto wetu akidhulumiwa, tusimfundishe kunyamaza kama jiwe, maana dhuluma ni mbaya na yafaa isemwe. Lakini tumfundishe aiseme kwa namna ambayo haitamwangushia mwenzake mzigo. Mwepu alikuwa na haki ya kukasirika. Hakuwa na haki ya kumpiga refa, na Ndaye ndiye aliyelipa.

La tatu ni juu ya hukumu. Bwana wetu alitukataza kuhukumu, akijua jinsi macho yetu yalivyo mafupi. Picha ile ya simu ni ya muda mfupi sana, hata Salamu Maria haitoshi kusaliwa ndani yake. Katika muda huo waona mguu na mpira, basi. Huoni maofisa na mifuko yao, huoni walinzi hotelini, huoni nyumba ya Lubumbashi inayongoja, wala huoni miaka yote ya kazi iliyomfanya mtu yule afike mahali ambapo Wakongo wachache mno wamefika. Mtu hapimwi kwa sekunde chache, na wala sisi tusingependa kupimwa hivyo Siku ya Mwisho.

Kwa hiyo, kijana wako akikuletea picha ile akicheka, usimgombeze. Kaa naye, umweleze kwamba aliyepiga teke lile ni Joseph Mwepu Ilunga, beki wa Mazembe, bingwa wa Afrika wa mwaka 1974, aliyeahidiwa asilipwe, aliyetishwa, na aliyekosa pia kama wanadamu wote. Kisha mwambie amwombee marehemu, na amkumbuke Ndaye Mulamba pamoja naye. Bwana awape pumziko la milele.